Serikali ya Darasa la Tano

Muhogo mbichi uliopakwa wino una harufu yake, ya udongo na dawa, na mimi siipendi. Hunirudisha Makorora, darasa la tano, chini ya mabati yaliyoanza kuchemka saa nne asubuhi, na kwa Mwalimu Kombo, mwalimu wetu wa Uraia. Yeye alitufundisha ngazi za serikali kwa kugawa vyeo. Aliyekaa mbele katika kila safu alikuwa mjumbe wa nyumba kumi. Juu yake palikuwa na mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata na mkuu wa wilaya. Mkuu wa mkoa alikuwa mwalimu mwenyewe. Kila kiongozi alichonga muhuri wake kwenye kipande cha muhogo, na karatasi isiyo na mihuri yote minne haikupokelewa mezani kwa mwalimu. Wakaguzi walipokuja walimsifu sana. Watu wazima hupenda kuona watoto wakicheza ukubwa.

Sisi tusio na vyeo tuliitwa wananchi. Nilikuwa mwananchi wa safu ya mwisho, na macho yangu yalikuwa mabovu. Ubaoni niliona weupe tu, kwa hiyo nilinakili kwa jirani yangu, na siku alipougua malaria niliandika ya kubahatisha. Mama, muuza maandazi asiye na maneno mengi, aliniona nimelisogeza daftari hadi puani. “Mficha uchi hazai, mwanangu,” alisema. “Mwambie mwalimu wako akukalishe mbele.” Nilimwambia mwalimu, mikono nyuma, kwa adabu zote, kwamba sioni. Hakuuliza sioni kiasi gani. Alinijibu mbele ya darasa zima, “Mwananchi haruki ngazi. Andika barua.”

Niliandika. Mjumbe aligonga muhuri siku ileile, kwa nusu ya andazi. Mwenyekiti wa mtaa aliirudisha kwa kuwa sikuweka tarehe. Mtendaji wa kata alikaa nayo siku tatu kwenye begi, ikatoka na mafuta ya samaki wa kukaanga. Hawakuwa watoto wabaya. Walikuwa wamefuatana na wazazi wao maofisini, wakaona watu wanavyozungushwa, wakaiga vizuri mno. Barua ilifika kwa mkuu wa wilaya siku ya Ijumaa. Huyo alikuwa Rashidi, mtoto wa mwenye duka. Jumatatu yake ulikuwa mtihani wa kumaliza mwaka, ambao mwalimu aliuandika ubaoni kwa chaki, na alikwisha kutangaza kwamba atakayeanguka Uraia atakariri darasa. Rashidi alifungua kopo lake. Muhogo ulikuwa umeoza, unanata na kunuka.

“Ofisi haina muhuri,” alisema. “Njoo wiki ijayo.”

“Rashidi, Jumatatu mtihani.”

“Mheshimiwa,” alinisahihisha.

Nilimpelekea mwalimu barua yenye mihuri mitatu. Hakuigusa. Aliuliza wa nne uko wapi, na darasa likacheka. Kisha akaniambia kuwa subira yavuta heri.

Jumatatu nilikaa palepale nyuma, na jirani yangu aliogopa kuninong'oneza. Katika swali kubwa kuliko yote nilikodoa macho hadi nikaambulia neno moja, “Taja”. Nikataja alama za taifa, zote, kwa mwandiko mzuri. Kumbe tulitakiwa kutaja ngazi za serikali. Hakuna mtoto darasani aliyezijua kama mimi niliyezipanda kwa miguu yangu. Niliandikiwa sifuri kwa wino mwekundu, na mwaka uliofuata wenzangu waliingia la sita, mimi nikabaki na wadogo zao. Mama alilia. Mimi nilijifunza kuchukia, na sitafuti neno laini zaidi ya hilo.

Leo nina miwani, na ninafundisha Uraia Muheza. Siku ya kwanza ya muhula kila mtoto husoma mstari mmoja ubaoni kabla sijampangia dawati. Tukifika kwenye ngazi za serikali, sigawi vyeo. Wanafunzi hupiga kura, na kabla ya kupiga mimi huwafundisha namna ya kumwondoa waliyemchagua. Katika serikali yote ile ya Mwalimu Kombo haikupigwa kura hata moja, na hakuna aliyetuambia kwamba mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa na mwananchi huyohuyo anayesimamishwa mlangoni kwake. Wanasema cheo ni dhamana. Sisi tulifundishwa kuwa ni mlango, na raha yake ni kuufunga.

Mwalimu amestaafu, yupo hukohuko Makorora. Nikienda kumwona mama hukutana naye, naye hunishika mkono na kuwaambia watu, “Huyu ndiye niliyemfundisha serikali akaielewa.” Mimi humwamkia shikamoo, kwa kuwa hiyo ni haki ya umri wake. Msamaha huombwa, naye hajauomba.