Swichi ya Sagana

Ngatia wa Wamagana alikuwa fundi wa mota za viwandani, na kazi hiyo ilimfundisha kutoamini neno la mtu. Kampuni iliyomwajiri pale Nyeri ilimpa Landrova kuukuu na sanduku la vifaa, naye akawa anazunguka eneo zima: leo kiwanda cha chai, kesho cha kahawa, keshokutwa pampu ya maji kule Kerugoya. Mota ikikataa kuwaka, au kasi yake ikipanda na kushuka ovyo, aliitwa yeye. Kila mahali alikuta msimamizi anayeapa kwamba mashine haijaguswa, na karibu kila mahali ilikuwa imeguswa.

Mwaka wa sabini na nne aliitwa kwenye kiwanda cha mbao huko Sagana. Mota ya msumeno mkubwa ilikuwa inanuka kuungua. Msimamizi, mwanamume mrefu aliyeitwa Moffat, alishusha mkono wa swichi kuu ukutani.

"Umeme nimezima, fundi. Shika tu."

Ngatia hakushika. Alitoa taa yake ya kupimia, akaigusisha kwenye nyaya tatu za mota. Mbili zilikuwa kimya. Ya tatu iliwasha taa.

Akageuka. Moffat alikuwa bado amesimama kando ya swichi, mikono nyuma.

"Ulitaka kuniua?"

"Mimi? Si umeniona nikizima?"

"Nimekuona. Halafu nikakupa mgongo."

Ngatia alikwenda moja kwa moja kwa mwenye kiwanda, na Moffat akafutwa kazi siku hiyo hiyo. Swichi ile Ngatia hakutaka hata kuikaribia. Aling'oa fyuzi za nje ili umeme ukatike kabisa, akatengeneza mota, akaondoka.

Tangu hapo, hotelini alikaa akitazama mlango. Nyumbani, mkewe Warigia akichelewa sokoni, alimuuliza amekutana na nani. Siku moja alisikia jina la Moffat likitajwa Karatina, akaacha chakula mezani akaenda zake.

Halafu mwaka wa themanini na tatu, binti yake Wangechi, aliyekuwa akifundisha Kerugoya, akasema amepata mchumba.

"Baba yake ni nani?"

"Anaitwa Moffat. Zamani alikuwa msimamizi wa kiwanda cha mbao, Sagana."

Ngatia aliweka kikombe chini. "Huyo mtu anatafuta nini kwangu?"

"Hatafuti kitu, Baba. Ni kijana wake ananitafuta mimi."

"Waache waje," Warigia akasema. "Ukiwafukuza, huyu ataenda hata bila wewe."

Wakaja Jumamosi pamoja na wazee wao. Moffat alikuwa ameota mvi. Kabla mazungumzo ya mbuzi wa mahari hayajaanza, aliomba waongee kando, wawili tu. Ngatia alikubali, lakini akasimama mahali ambapo watu wangemwona.

"Miaka yote nimetaka kukuuliza," Moffat akasema. "Uliniharibia kazi kwa nini? Nilijua kuna mtu wenu mliyetaka kumweka mahali pangu."

"Mtu gani? Wewe ndiwe uliyerudisha umeme."

"Nilishusha ule mkono mpaka chini. Sikuugusa tena."

Ngatia alikumbuka ile taa ya kupimia. Waya mmoja tu ndio uliokuwa na umeme; kama mkono ungerudishwa juu, zote tatu zingekuwa nao. Tangu siku ile alikuwa ameona swichi kuukuu nyingi ambazo mkono wake hushuka wote, lakini ndani kisu kimoja, kile chuma kinachounganisha waya, kimeganda, kinaendelea kupitisha umeme. Alikuwa amewaonya watu wa viwanda vingi. Ile ya Sagana hakuwahi kuifungua.

"Huenda ilikuwa swichi yenyewe," akasema polepole.

Moffat alimkazia macho. "Huenda? Ama unasema hivyo kwa sababu leo tumekuja kuwa wakwe?"

"Ningeifungua, ningekuonyesha."

"Kiwanda kilivunjwa. Vyuma viliuzwa vyote."

"Basi unisamehe kwa ile kazi."

"Nimesikia," Moffat akajibu, wakarudi kwa wazee.

Wangechi aliolewa mwezi wa Agosti. Baba hao wawili walitembeleana kila Krismasi, wakiulizana habari za mvua na ng'ombe. Moffat alikuwa na mashine ya kusaga mahindi, na mwaka mmoja mota yake ikaungua. Aliita fundi kutoka Embu. Ngatia alipata habari kwa binti yake, na hakuuliza kwa nini hakuitwa yeye.