Kamba Fupi ya Lori Dogo

Mume wangu alikuwa dereva wa malori makubwa ya kwenda Afrika Kusini, na aliporudi nyumbani kupumzika alicheza na lori dogo. Watu wa mtaa wetu pale Bel-Air walimcheka sana. Mimi pia nilimcheka, ila mimi nilikuwa na ruhusa. Lori lenyewe lilikuwa na urefu wa mkono wangu, rangi ya chungwa, magurudumu manene, na liliongozwa kwa rimoti. Halikuwa la betri kama yale ya watoto. Lilikuwa na injini ya kweli, iliyokunywa mafuta yake maalumu ya nitro aliyoyaleta kutoka huko huko safarini, na lilinguruma mpaka mama mkwe wangu akajifunika kichwa kwa kitenge na kuuliza alimkosea Mungu nini hata akazaa dereva asiyejua kupumzika.

Injini hiyo iliwashwa kwa kuvuta kamba, na hapo ndipo maneno yote yalipoanzia.

Hapa Lubumbashi kila mtu anajua kuvuta kamba. Umeme ukikatika, na unakatika, unatoka nyuma ya nyumba, unaikanyaga jenereta, ambayo sisi tunaiita groupe, unazungusha kamba kiganjani, unavuta kwa mkono mzima na bega juu yake. Mabibi harusi wanavuta, mapadri wanavuta. Lakini lori dogo halitaki hivyo. Kamba yake ni fupi na nyembamba, na ukiivuta mpaka mwisho unaing'oa. Inataka kuvutwa kidogo, haraka, na kurudishwa, kidogo tena na kurudishwa. Marehemu hakumruhusu mtu yeyote kuigusa. Hata mimi alinifundisha baada ya kuniapisha.

Alipofariki, tukiwa bado kwenye kilio, mdogo wake alilitoa lori chini ya kitanda ili atuchangamshe. Nia yake sikuilaumu. Alilikanyaga, akazungusha kamba mkononi, akavuta kama groupe. Kitu kikalia tak, akabaki ameshika kishikio na kipande cha kamba. Shemeji yangu ndivyo alivyo: ana moyo mkubwa na mikono mikubwa zaidi. Akaligeuza juu chini, akasema, "Hii ilishakufa. Mutatupa."

Sasa, katika ukoo wa mume wangu kuna desturi. Mwaka ukiisha, siku ya kumaliza kilio, ndugu wanakaa uani na kugawana vitu vya marehemu. Kilicho kizima kinaondoka na wao. Kilichokufa kinabaki kwa mjane. Kwa hiyo lori lile, kwa kuwa lilikuwa limekufa, lilikuwa langu bila ubishi.

Shida ni kwamba nilitaka kulisikia. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimesikia vilio vya kila aina, vya kweli na vya kuazima, na nilitaka siku hiyo ya mwisho ifungwe na ile kelele yake, ndugu zake wote wakiwa wamekaa palepale. Jirani yangu, mwanamke ambaye hana subira na upumbavu, aliniambia wazi: "We mama, utatengeneza, halafu batabeba. Iache ikufe, ibakie ya kwako." Alisema kweli. Nikamjibu kwamba shemeji hawezi kutamani kitu alichokivunja mwenyewe. Nilijidanganya, na nilijua.

Mimi ni fundi wa kushona. Kazi yangu ni nyuzi, mafundo na vyuma vidogo vinavyojificha, basi nikajiambia kwamba mashine ni mashine. Nilifungua skrubu za kile kikombe cha plastiki kilichoko nyuma ya injini, kinamojikunja kamba, nikainua mfuniko taratibu, na springi iliyokuwa imejikunja ndani ikaruka kama imefukuzwa. Nikaitafuta chini ya meza, nyuma ya mlango, ndani ya kiatu changu. Nikaikuta imelala kwenye gauni la harusi la mteja, imejinasa katika dantela, ile lesi ya kifuani, na kuitoa bila kuchana kitu kulinitoa jasho kuliko injini yote.

Kamba haikuwa tatizo. Nilichukua ile nyembamba ya mapazia, nikachoma ncha yake kwa kiberiti isifumuke, nikapiga fundo dogo tunalotumia kwenye vifungo vya koti. Tatizo lilikuwa springi. Ncha yake ina kindoano kinachoshika ukuta wa kikombe, na kindoano hicho ndicho kilichokatika. Nikajaribu kukikunja kingine kwa koleo, hivi hivi, chuma kikiwa baridi. Kikakatika tena. Nilitukana, na mteja aliyekuwa akipimwa kiuno akadhani namtukana yeye. Kesho yake nikaiweka ncha kwenye makaa ya mbabula, pembeni ya sufuria ya maharage, mpaka ikawa nyekundu, nikaiacha ipoe yenyewe bila kuiharakisha. Safari hii ikakubali kukunjwa.

Nikaikunja springi yote ndani, nikafunga mfuniko, nikavuta. Kamba ikatoka vizuri, ikakaa huko nje ikinitazama. Nilikuwa nimeikunja springi kwa upande usio wake. Nikafungua tena, safari hii nikiwa nimelifunika gauni la watu kwa shuka.

Injini nayo ilikuwa imeganda kwa mafuta ya mwaka mzima. Nikakunja kitambaa, nikakipasha kwa pasi, nikaifunga injini nacho kama mtoto mwenye mafua, nikarudia mpaka ikaanza kuzunguka. Nilipovuta kamba na kamba ikarudi yenyewe ndani, srrp, nilikaa chini nikacheka peke yangu. Sikuiwasha. Niliihifadhi sauti hiyo kwa siku yake.

Siku ya kumaliza kilio tulikula bukari, ugali wetu, na kuku, nikavua nguo nyeusi, nikavaa kitenge kipya nilichojishonea. Baba mkubwa wa marehemu, ndiye mkuu wa ukoo, akagawa: koti la ngozi kwa huyu, radio kwa yule, baiskeli kwa mwingine. Alipomaliza nikaingia ndani, nikatoka na lori, nikaliweka katikati ya uwanja.

"Mbele ya kwenda," nikasema, "ninapenda tusikie sauti yake."

Shemeji akasimama. "Ilipona?"

"Ilipona."

"Basi hii njo yangu."

Jirani yangu akasonya nyuma yangu, kwa nguvu ya kutosha kusikika ukumbi mzima kama tungekuwa na ukumbi. Baba mkubwa akafikiri, akasema, "Kitu kizima kinaenda na bandugu, ni vile. Lakini aiwashe kwanza. Kama haiwake, inabakia na mama ya nyumba."

Nikatia mafuta, nikabandika kile kidude chenye betri kinachopasha bugi, yaani plagi ya injini, nikasogea. Shemeji akalikanyaga lori. Akazungusha kamba kiganjani. Bega likarudi nyuma.

Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Avute kama alivyozoea, kamba ing'oke mbele ya mashahidi wote, na lori libaki kwangu milele. Lakini nilikiona kile kindoano changu mle ndani, nilichokipika pamoja na maharage, na nikaona kwamba sauti ile haitasikika leo na pengine kamwe. Mkono wangu ukamshika kifundo cha mkono kabla sijauamuru.

"Shemeki, hii haiko groupe," nikamwambia. "Toa muguu. Vuta kidogo, rudisha. Kidogo, rudisha. Kama unavuta uzi ya sindano."

Akanitazama, akatoa mguu. Akavuta kidogo, kwa aibu, kwa vidole vyake vinene. Akavuta tena. Injini ikakohoa, ikatema moshi wa buluu, halafu ikanguruma kwa kelele ileile ya zamani, mbaya na tamu. Kuku wakaruka ukuta. Mama mkwe akajifunika kichwa kwa kitenge kama zamani, na chini ya kitenge mabega yake yakawa yanatikisika. Alipojifunua alikuwa analia na kucheka pamoja. Mimi nililia waziwazi, na nilikuwa na furaha kuliko nilivyowahi kuwa mwaka ule. Ilikuwa kana kwamba mume wangu amerudi kutoka safarini na hajaoga bado.

Halafu shemeji akalifunga nyuma ya pikipiki yake, akaenda nalo kwake Annexe, pembezoni mwa mji. Jirani alinisaidia kuosha vyombo, lakini alivigonga.

Nyumba ilikuwa kimya mno. Nilishona, nikakasirika, nikamkasirikia hata marehemu kwa kunifundisha kuvuta kamba taratibu.

Kabla ya mwezi kwisha, shemeji akasimama mlangoni na mfuko wa unga begani. Ndani ya mfuko kulikuwa na lori. Ndani ya mfuko wake wa suruali kulikuwa na kishikio na kipande cha kamba.

"Nilikuwa naonyesha barafiki," akasema, akiangalia viatu vyake. "Nilisahau."

"Umelikanyaga?"

"Kidogo."

Nikampa kiti, nikampa maji, nikampima kwa macho kama ninavyowapima wateja. Katika ufundi wetu kuna jibu moja ambalo kila mtu mjini analijua, na hakuna aliyewahi kupata nguo yake bila kulisikia.

"Kuya samedi," nikamwambia.

Nililitengeneza jioni ileile, kabla giza halijaingia. Jumamosi, ndiyo samedi yenyewe, alipopiga simu nilimwambia bado, arudi samedi nyingine. Kwake ni mbali, kelele haifiki kule. Kila nikimaliza kushona ninalitoa uani, navuta kidogo, narudisha, na linazunguka kati ya migomba mpaka mafuta yanakaribia kwisha. Jirani analeta kiti chake.

Jumamosi iliyopita alikuja mama mkwe, ambaye anaishi na shemeji, nimpime kwa ajili ya blauzi. Aliliona lori mezani, limefungwa vizuri, kamba imerudi ndani. Alijifunga kitenge chake kichwani, akatangulia kwenda uani, akakaa.

"Washa," akasema.

Nikawasha. Alisikiliza mpaka mwisho, hata lilipozima lenyewe hakusimama mara moja. Simu yake ikalia ndani ya mkoba. Alikuwa shemeji, nilimsikia hadi pale niliposimama, akiuliza kama gari imepona.

Mama mkwe akanitazama, akalitazama lori, ambalo bado lilikuwa linatoa moshi.

"Bado," akamwambia mwanawe. "Fundi anasema ukuye samedi."