Bolti ya Kwanza ni ya Mkubwa

Nimekuwa fundi wa magari mjini Migori kwa zaidi ya miaka ishirini, na kosa linaloniuma kuliko yote nililitazama likifanywa nikiwa na akili zangu timamu. Lilifanywa na kaka yangu mkubwa, uani kwa baba yetu, Karungu, Jumamosi moja asubuhi. Spana nilimpa mimi.

Gari lilikuwa la baba, saluni kuukuu la otomatiki alilonunua akiwa bado mwalimu. Lilikuwa limesimama muda mrefu kwa sababu konveta ilikufa. Konveta ni chuma kizito cha mviringo, kama sufuria mbili zilizofunikana, kinachokaa katikati ya injini na giaboksi kikiwa kimejaa mafuta. Ndiyo inayopokea nguvu za injini na kuzipitisha. Ikifa, injini inanguruma na gari halisogei.

Baba hakujali mpaka dada yake alipougua. Shangazi aliolewa kisiwani Rusinga, na wawili hao walikuwa hawajasemezana tangu siku ya kumzika nyanya. Siku hiyo baba alikuwa ameahidi kumpitia kwa gari hilo. Wakakosana kwenye simu juu ya mahali pa kuchimba kaburi, na baba kwa hasira akageuza gari njiani, akamwacha amesimama kando ya barabara na watoto wake. Shangazi alifika kwa pikipiki, kaburi limeshafukiwa.

Sasa daktari mmoja wa Homa Bay alikuwa amewaambia watoto wa shangazi wamrudishe tu nyumbani. Shangazi akatuma neno kwamba anataka kuliona kaburi la mama yake. Baba akasema atamfuata mwenyewe. Tulipomshauri tukodi gari zima, alikataa.

"Nilimwacha kwa hili," alisema. "Nitamchukua kwa hili."

Siku hiyo nilimpenda baba bila kujilazimisha, jambo ambalo halikunitokea mara nyingi. Nikaenda Oyugis kwa muuza spea za mitumba, nikapata konveta ya gari la aina ile ile, nikaisafisha na kuijaza mafuta. Ijumaa nikashusha giaboksi. Baba akampigia dada yake simu, simu ya kwanza baada ya miaka yote hiyo, akamwambia ajiandae, Jumamosi mchana atakuwa mlangoni kwake.

Kaka alikuwa ameingia kutoka Nairobi usiku. Yeye ndiye kayo, yaani kifungua mimba, na kwetu kayo hutangulia katika kila jambo. Akiwa hajapanda, wadogo hawapandi. Akiwa hajajenga, hawajengi. Sikuwahi kusikia kwamba mila hiyo inafika mpaka chini ya gari, lakini asubuhi baba alileta kiti chake, akaketi, akasema, "Kayo yupo nyumbani. Mdogo hawezi kufufua gari la baba yake huku mkubwa anaangalia. Aanze yeye, wewe utamalizia."

Nikacheka moyoni. Nilidhani ni suala la bolti moja, kama mtu anayekata utepe.

Konveta ina tabia yake. Unaiingiza kwenye shafti ya giaboksi huku ukiizungusha polepole, nayo inazama kwa hatua, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ile ya tatu ndiyo inayoshika pampu ya mafuta. Niliisikia ikizama yote. Kisha tukainyanyua giaboksi, mimi mbele, kaka nyuma. Akanyanyua upande wake kwa pupa, mdomo wa giaboksi ukainama, na konveta ikateleza mbele. Niliiona. Tulipoifikisha kwenye injini, ikabaki nafasi ya kidole kimoja.

"Tushushe," nikasema. "Konveta imetoka mahali pake."

"Kidole tu, omera, ndugu yangu," kaka akajibu. "Bolti ni za nini? Si ni za kuvuta?"

"Hii haivutwi na bolti. Inafaa ifike yenyewe, kwa mkono tu."

"Mwache ndugu yako," baba akasema kutoka kitini. "Wewe kila kitu lazima ujue wewe."

Ningeweza kuitupa ile spana kwenye mihogo. Nilimpa kaka. Kwa siku nyingi nilijiambia kwamba ile ilikuwa heshima. Ilikuwa uoga, na nikisema kweli yote, kuna sehemu yangu iliyotaka kaka aonekane mjinga mbele ya baba. Alikaza ya kwanza, ya pili, ya tatu, jasho likimtiririka, na nafasi ikaziba. Kisha tukasikia chuma kikivunjika ndani, mlio mfupi mkavu.

Tulipowasha, gari likasaga meno, mafuta mekundu yakamwagika chini, na magurudumu hayakusogea hata hatua. Pampu ilikuwa imepasuka. Baba hakumtazama kaka. Alinitazama mimi.

"Umeniletea kitu kibovu kutoka Oyugis," akasema.

Kaka alinawa mikono, akaomba chai. Husemwa kwamba mkubwa ni jalala, taka zote hutupiwa yeye. Kwetu jalala ni mdogo. Nilikaa chini ya lile gari mpaka jioni nikifungua nilichokuwa nimefunga, kwa sababu huko chini hakuna aliyenisemesha.

Jumatatu nilizunguka kutafuta pampu. Jumanne alfajiri tukaambiwa shangazi amefariki.

Kwenye mazishi, Rusinga, baba alipewa nafasi ya kusema. Alilia, na najua kilio kilikuwa cha kweli. "Nilikuwa nije kumchukua dada yangu," akawaambia watu. "Fundi ndiye aliyeniangusha." Kaka alikuwa amesimama kando yake akiangalia viatu vyake.

Baadaye binti wa shangazi alinifuata nyuma ya jikoni. Nilijiandaa kumweleza mambo ya pampu, lakini hakuyauliza.

"Jumamosi mama aliamka akasema tumuogeshe," akaniambia. "Akavaa nguo yake ya kanisa, akakataa kulala. Tulimweka kwa kiti pale mlangoni. Tukimwambia apumzike kidogo anasema, hapana, atafika. Alikaa mpaka jua likazama. Ndio akasema, ameniacha tena. Sasa ndugu yangu, mbona hata mtu mmoja hakupiga simu?"

Baba aliona aibu. Kaka alidhani baba ndiye atakayepiga. Mimi nilidhani hilo ni la mkubwa. Watu wazima watatu, kila mmoja na simu yake mfukoni, na mgonjwa ameketi mlangoni kuanzia asubuhi.

Nikamwambia mtandao ulikuwa mbaya siku hiyo.