Tulilala: Neno Lililomwondoa Bi Mwikali Kazini

Aliyesababisha kuvunjika kwa lenzi kuu ya kituo chetu cha vipimo mjini Machakos ni Meneja wa Utawala wa wakati huo. Bi Mwikali, aliyefukuzwa kwa kosa hilo, hakuhusika. Nayaandika haya nikiwa mstaafu niliyekuwa Msimamizi wa Vyombo katika kituo hicho, ili mafundi vijana wajue kazi ilivyofanywa na jina la mtu lilivyoharibiwa.

Niliripoti kazini mwanzoni mwa miaka ya tisini. Viwanda vya Athi River vilituletea vipuri, pamoja na kalibu za chuma za kuundia bidhaa, tuvipime. Kipuri kiliwekwa juu ya meza ndogo ya chuma, nayo ikasogezwa chini ya hadubini kwa parafujo ya mkono. Asubuhi ile ya kwanza niliipitisha meza kwenye alama, nikairudisha nyuma kidogo, nikasoma namba. Mkuu wa Vipimo alikuwa amesimama mgongoni mwangu.

"Hiyo namba ni ya kipuri ama ni ya ulegevu?"

"Ni ya kipuri, mzee."

"Ni ya bure. Ukipita alama, rudi mbali kabisa, uje upya kwa upande uleule. Meza haiendi mbele nyuma kama mlevi wa Mwala."

"Mimi ni wa Kola, mzee."

"Basi kama mlevi wa Kola. Anza tena."

Ulegevu ni ile nafasi ndogo kati ya parafujo na nati yake. Parafujo huzunguka kidogo kabla meza haijaitika. Anayeikaribia alama kwa upande mmoja daima haumsumbui.

Miaka michache baadaye zilikuja meza za mota, zinazoamriwa kwa kompyuta. Tulijifunza kuzichagua. Jambo la kwanza ni mzigo: una uzito gani, na je, meza italala chini au itasimama wima? Kisha urefu wa mwendo. Kisha swali ambalo wanunuzi wengi hulisahau: ikiagizwa kurudi mahali ilipotoka, itarudi palepale? Katalogi hupenda kutangaza udogo wa hatua, yaani msogeo mdogo kabisa ambao meza inaweza kuufanya. Hatua ndogo si usahihi. Meza yaweza kupiga hatua ndogo sana na bado ikapotea njia.

Mhudumu wa meza hizo alikuwa Bi Mwikali, mama mtulivu kutoka Mwala. Alizungumza juu ya meza kana kwamba wako safarini pamoja. Ilipogusa swichi ya mwanzo, ambako vipimo vyote huanza kuhesabiwa, alisema, "Tumefika nyumbani." Ilipokwama alisema, "Tumekataa." Iliposhuka hadi mwisho wa reli yake alisema, "Tumelala." Sote tukaanza kusema hivyo, hata Mkuu wa Vipimo, na hakuna aliyeona ajabu.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tulihitaji meza ya wima, ya kupandisha na kushusha kamera pamoja na lenzi kuu. Niliomba ya parafujo ya kawaida, ambayo msuguano wake hushikilia mzigo hata umeme ukikatika. Kama ingekuwa ya parafujo inayozunguka juu ya gololi, ambayo huteleza kwa urahisi, basi iwe na breki inayouma umeme unapokwisha. Meneja wa Utawala, aliyeongoza kamati ya ununuzi, aliniita ofisini.

"Hii ya gololi ni laini, ni ya haraka, na hatua yake ni ndogo kuliko ya ile yako. Unakataa kizuri?"

"Bwana Meneja, huo ulaini ndio shida. Stima ikipotea, mota inaachilia. Mzigo utateremka wenyewe."

"Si tuko na jenereta?"

"Jenereta hungoja kuwashwa. Mzigo haungoji."

"Wewe unapenda tu vitu vya zamani," alisema, akaidhinisha ile ya gololi, bila breki.

Alasiri moja ya mvua umeme ulikatika. Mimi nilikuwa kwenye meza ya jirani. Mota ilinyamaza, kamera ikateremka, na lenzi ikagonga kalibu ya chuma iliyokuwa chini yake. Bi Mwikali alikuwa macho, amekaa kwenye kiti chake, mikono magotini. Hakuna kitufe ambacho kingemsaidia.

Kamati ya uchunguzi iliongozwa na Meneja wa Utawala yuleyule.

"Stima ilipopotea, ulifanya nini?" alimwuliza Bi Mwikali.

"Sikufanya kitu, Bwana Mwenyekiti. Tulilala."

"Mlilala?"

"Eeh. Tulilala mara moja, puu, mpaka chini."

Mjumbe mmoja alicheka. Mwingine alimnong'oneza Bi Mwikali, akimwita mama kwa Kikamba, "Mwaitu, hapo umejimaliza."

Nilisimama. "Bwana Mwenyekiti, anazungumza juu ya meza. Katika karakana yetu neno hilo—"

"Keti. Hujaulizwa. Shahidi amekiri."

Alifukuzwa kwa kulala kazini. Nilipinga uamuzi huo kwa mdomo na kwa maandishi. Nikajibiwa kwamba shauri limefungwa. Bi Mwikali alitafuta kazi katika viwanda vilevile tulivyovihudumia. Kila alipofika mlangoni aliulizwa, "Si ni wewe ule wa kulala?" Mwishowe alirudi Mwala kufuga mbuzi, na ufundi wake ukaishia hapo.

Kabla lenzi mpya haijafungwa, meza ile ilitiwa breki, kwa idhini ya Meneja wa Utawala mwenyewe. Kama aliyelala alikuwa mtu, breki ilikuwa ya nini?

Kustaafu kumenipa utulivu, ila si wa kulisahau jambo hili. Fundi kijana anayechagua meza ya mota na aulize kwanza itafanya nini umeme ukikatika, kisha ndipo aulize juu ya ulaini na hatua.

Kwa ofisi iliyorithi kituo kile, nadai rasmi mambo matatu. Meneja huyo wa Utawala atoe maelezo kwa nini aliyechagua chombo ndiye aliyeketi kumhukumu mhudumu wake. Neno "kulala" lifutwe katika kumbukumbu za utumishi wa Bi Mwikali. Na kabla ya yote, yeye mwenyewe aitwe aulizwe upya, mbele ya mtu anayeijua kazi ile, na aachwe amalize kusema.