Karanga Zilizoatamiwa Magamba

Jumamosi, tarehe 15 Juni 2024, Ernestine aliamka saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri. Alifagia nyumba na uwanja kwa dakika ishirini, akachemsha chai kwa dakika kumi na tano, akaandika lebo kwa dakika ishirini nyingine. Kwa hiyo ilikuwa saa kumi na mbili na dakika tano alipotungua ufunguo kwenye msumari wake, akafungua kabati, na kukuta vifurushi viwili mahali palipopaswa kuwa na kumi na viwili.

Alihesabu tena. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, alihesabu kuanzia upande wa pili.

Vifurushi hivyo vilikuwa kazi ya miaka mitatu. Ernestine alizaliwa Katumba, katika makazi ya watu waliotoka Burundi, na baba yake, mfuga nyuki, alimfundisha kuchuja nta kabla hajajua kusoma. Baadaye alisomea usindikaji wa vyakula katika chuo cha ufundi, akaolewa na Audace, wakahamia Magamba kulima karanga. Mwaka 2021 magunia yao matatu yaliota ukungu ghalani. Aliyachoma yote, maana alikuwa amejifunza kwamba ukungu ule huacha sumukuvu, sumu isiyoonekana kwa macho, isiyotoka kwa kupeta wala kwa kukaanga, ambayo huliharibu ini la mtu polepole. Majirani walisimama kando ya moto wakisema kwamba, kwa kitu chenye sumu, kinanukia vizuri mno.

Tangu hapo Ernestine alitengeneza karatasi kwa nyuzi za mgomba, akaipaka nta iliyochanganywa na mafuta ya karafuu na mchaichai, vitu ambavyo ukungu hauvipendi, akafungia humo karanga kavu nusu kilo nusu kilo. Kituo cha wasindikaji kilimpa sharti: vifurushi visivyopungua vinane vikae kabatini siku tisini bila kufunguliwa, pembeni ya karanga kama hizo zilizofungwa kwa plastiki ya dukani. Zikitoka salama, angepata alama ya kuuzia katika maduka ya Mpanda mjini. La sivyo, angerudi kwenye foleni ya mwaka ujao. Alilifunga kabati Jumapili ya tarehe 17 Machi, na kwa siku tisini hakuligusa. Hata kulifuta vumbi kwa nje aliogopa. Bi Verdiana, afisa wa kituo, angefika saa tisa alasiri.

"Mama," aliita kwa sauti ya chini. Sauti ya chini ya Ernestine ndiyo iliyotisha watu nyumbani.

Libérate, mama mkwe wake, alitokea jikoni na mwiko mkononi.

"Vifurushi vyangu kumi viko wapi?"

"Vya kabatini? Si niliwapa wageni."

"Wageni gani, mama?"

"Wageni! Watu wanakuja hapa, wewe uko shambani. Waondoke mikono mitupu, waseme kwa mama Audace kuna njaa?"

"Za plastiki zipo zote kumi na mbili. Mbona hukutoa hizo?"

Libérate alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, mgeni unampaje plastiki kama mtu uliyemtuma dukani? Vile vyako vimefungwa, vina kamba yake, vinapendeza. Hata mimi ningefurahi kupewa."

Ernestine alichukua kalamu. Vitatu, Libérate alikumbuka, vililiwa palepale na wanakwaya. Kimoja kilikwenda mbali, Ikola ziwani, na shemeji yake Libérate, Celestin. Vilibaki sita, na sita ndivyo vilivyohitajika ili kufikia vile vinane vya sharti.

"Twende tukavichukue."

Mwiko ulianguka. "Kuchukua zawadi? Unataka nihame Magamba? Kama unavitaka, tukabadilishane."

Waliondoka saa mbili kasoro dakika kumi, Libérate akiwa na kikapu cha maharage, ndizi na mananasi mawili. Ernestine alikuwa amepanga dakika kumi na tano kwa kila nyumba.

Kwa Séverine, jirani wa tatu, salamu peke yake zilichukua dakika ishirini na tano. Viazi vilipokwisha kuliwa, Séverine alifungua sanduku la nguo, na vifurushi viwili vikatoka katikati ya vitenge, vikinuka sabuni.

"Kumbe karanga? Mimi nilijua dawa ya nondo! Na imefanya kazi, mama Audace, sikudanganyi."

Alipokea maharage kwa mikono miwili, akashukuru sana, kisha akaenda nyuma ya nyumba na kurudi na boga, kwa kuwa naye hakuweza kuwaachia wageni waondoke hivihivi. Ernestine alilitazama lile boga, akatazama saa. Ilikuwa saa nne na dakika tano.

Kwa katekista Kalisti vifurushi viwili vilikuwa vinaning'inia juu ya mafiga, vyeusi kwa masizi.

"Katekista, kwa nini hamkula?"

"Mama yako alisema ni kitu cha Ernestine, cha chuoni. Kitu cha chuoni, binti yangu, utakifunguaje bila kusomea?"

Walikula ugali. Waliacha ndizi, wakaondoka na mihogo. Gabrieli, fundi baiskeli, alikitoa cha kwake ndani ya sanduku la vifaa, kimepakaa grisi, akawabebesha mkungu wa ndizi kubwa kuliko zile walizoacha kwa Kalisti.

"Mama," alisema Ernestine njiani, "tumetoka na mzigo wa kilo nane, sasa tuna ishirini."

"Ndiyo kupendwa huko," alisema Libérate, akihema.

Kwa Hana, mfuga kuku, walifika saa saba na dakika arobaini. Hana alianza kucheka kabla hajaulizwa.

"Kipo. Ila sasa kuna mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa kuku mwekundu, ameketi kwenye tenga gizani, amevimba kama mtu aliyekaliwa kiti chake kanisani. Hana alikuwa ameona kwamba harufu ya karafuu inafukuza utitiri, akakiweka kifurushi ndani ya kiota. Kuku alikipokea pamoja na mayai yake. Alikuwa ameatamia karanga za Ernestine kwa siku kumi na tisa.

"Usiku na mchana?" aliuliza Ernestine.

"Anatoka kunywa maji tu. Mama mzuri sana huyu."

Ernestine aliingiza mkono, akadonolewa mara nne. Libérate alijaribu kumbembeleza kuku kwa Kirundi, akadonolewa mara moja tu, jambo alilolieleza kuwa ni heshima. Kifurushi kilitoka kikiwa na joto, unyevu na manyoya.

Walirudi saa tisa kasoro dakika nne, wakamkuta Bi Verdiana amekwisha kuketi. Alivitazama vifurushi vinane mezani, akanusa kimoja, akanyofoa unyoya kwenye kingine.

"Hivi vilikuwa kabatini siku tisini?"

"Kabati letu lina vumbi, afisa," alisema Libérate haraka. "Vumbi la ajabu."

Ernestine alifahamu kwamba hapo ndipo alama yake ilipo, na kwamba kukaa kimya kungetosha.

"Hapana," alisema. "Viwili ndivyo vilivyokuwa kabatini." Akaeleza yote, nyumba kwa nyumba, saa kwa saa, pamoja na kuku. Ilimchukua dakika kumi na moja.

Bi Verdiana aliiweka kalamu chini. "Basi siwezi kutia sahihi, dada Ernestine. Sharti ni kabati."

"Najua. Lakini naomba uvifungue."

Walifungua vya masizi, cha grisi, vya vitenge, vile viwili vya kabatini. Karanga zilikuwa safi, kavu, na vipimo vya sumukuvu vikaonyesha salama. Katika plastiki kumi na mbili, zilizolala kabatini kwa amani, saba zilikuwa na ukungu wa kijani.

"Na cha kuku?" aliuliza Bi Verdiana, akiwa amekwisha kusimama.

Alikipima mara mbili. Salama. Aliketi tena, akaigeuza karatasi ya fomu upande wa nyuma usio na maandishi, akafikiri.

"Mama," alimwambia Libérate, "nikikuachia vifurushi vipya wiki ijayo, wageni wa kuwapa unao?"

"Afisa, mimi wageni hawaniishi."

"Lakini utaandika jina la kila mmoja."

"Ataandika huyu," alisema Libérate, akimwonyesha mkwewe kwa kidole chenye alama ya mdomo wa kuku. "Yeye ndiye anayependa kuandika."

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 15 Juni 2025, vifurushi vya Ernestine vilikuwa katika maduka manne ya Mpanda mjini, vikiwa na alama ya kituo. Jaribio la pili, lililofanyika katika nyumba nane za Magamba kuanzia tarehe 24 Juni 2024, lilichukua siku tisini na moja, kwa kuwa siku ya tisini iliangukia Jumapili.