Mama Aliyesimama Nyuma ya Jeruto

Cheka kama unataka kucheka, lakini cheka sasa tumalize. Haya ninayokuambia niliyaona na macho yangu mwenyewe, na si macho ya mlevi, maana mimi hata busaa ya kwetu Bungoma sijawahi kuonja. Picha iko. Ukipita Eldoret nitakuonyesha, na hapo ndipo aibu yangu ilipo, kwa sababu ukiiangalia hutamjua aliyesimama nyuma.

Kazi yangu ni kupiga picha za sherehe. Sina ile kamera kubwa ya kuning'inia shingoni. Niko na kamera ndogo ya digitali inayoingia mfukoni, lakini usiidharau, lenzi yake ni safi. Wateja wa huku wanapenda kitu kimoja: mtu atokee wazi, nyuma yake kufifie. Usipowapa hiyo blur, wanakuambia hata simu ingepiga. Basi nilikuwa nageuza kidude cha juu mpaka kwa herufi A, kama nilivyoona wenzangu wakifanya, kisha nabahatisha namba mpaka nyuma ififie. Kuelewa, sikuelewa. Kuuliza, niliona haya.

Mwaka jana niliitwa kwa koito huko Ainabkoi, ile siku upande wa bwana wanakuja kuongea mahari nyumbani kwa msichana. Msichana aliitwa Jeruto. Alilelewa na mama yake mdogo, kwa sababu mama mzazi alifariki yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, na hakuacha hata picha moja. Hiyo niliambiwa baadaye. Laiti ningeambiwa mapema!

Wazee waliongea, wakaongea, mpaka jua likashuka na ukungu ukaanza kuingia shambani. Ndipo nikaruhusiwa kumpiga Jeruto picha mbele ya ua wa misaiprasi. Binamu yake Kimutai akaja mbio na simu.

"Mpiga picha, na mimi nichukue moja hapo kando yako?"

"Weka hiyo simu mfukoni," nikamfokea. "Mliniita ama hamkuniita?"

Akarudi nyuma akicheka kwa haya. Kumbuka hiyo simu.

Nilipoinua kamera, nikaona mama amesimama nyuma ya Jeruto, kule karibu na ua. Sweta ya kijani, kitambaa kichwani. Nikafikiri ni jirani.

"Mama, songa mbele usimame na msichana," nikamwambia.

"Mimi mwisho wangu ni hapa," akasema. Alikuwa mbali, lakini sauti ilinifikia sikioni kabisa. "Nipige nikiwa hapa hapa. Lakini uso wangu utokee vizuri, kijana. Huyu mtoto haukumbuki."

Niambie wewe, mtu mwenye akili si angeshtuka? Jeruto alikuwa akitabasamu tu, hakugeuka, hakusikia kitu. Nywele za kisogo zilinisimama, haki ya Mungu. Na unajua nilikuwa nawaza nini? Nilikuwa nawaza namba. Nilishasikia mahali kwamba ndani ya lenzi kuna tundu. Tundu likiwa kubwa, anatokea wa mbele tu. Likiwa dogo, wanatokea wote, wa mbele na wa nyuma. Sawa, sasa tundu dogo ni namba gani? Ningeuliza pale, lakini Kimutai alikuwa amesimama ananiangalia baada ya kumfokea. Nikajiambia, dogo ni dogo, ni namba ndogo. Si hata wewe ungesema hivyo? Nikateremsha mpaka mwisho, moja nukta nane.

"Nitaonekana?" yule mama akauliza.

"Mama, tulia. Hii ni kazi yangu."

Nikabonyeza. Kamera ililia upesi kushinda mara zote za mbeleni, na kwa kioo chake kidogo Jeruto alitoka safi. Hapo ningeshtuka! Ukifinya mdomo wa mtungi, unajaa upesi zaidi? Lakini nilifurahi kama mjinga. Nikainua macho nimshukuru yule mama, na palikuwa na ua peke yake na ukungu.

Wiki iliyofuata Jeruto na mama yake mdogo walikuja kwangu mjini kuchagua picha. Nikafungua kompyuta. Jeruto wa mbele ungehesabu kope zake. Nyuma yake palikuwa na kitu cha kijani chenye kichwa, bila macho, bila mdomo.

"Huyu ni nani?" Jeruto akauliza.

"Si ni yule mama wa sweta ya kijani? Alisema nimtoe vizuri, ati hukumbuki uso wake."

Mama mdogo alisimama, halafu akakaa chini sakafuni.

"Hiyo sweta niliifuma na mikono yangu," akasema. "Ndiyo tuliyomzika nayo mama yako."

Jeruto hakulia. Afadhali angelia. Alisogeza uso karibu na kioo, akakigusa na kidole.

"Fanya aonekane."

"Haiwezekani. Kile ambacho lenzi haikushika, kompyuta haiwezi kurudisha."

"Kimutai hakupiga na simu yake?"

Nikatikisa kichwa. Tundu la simu ni kama punje tu, ingemshika yule mama, ua na kila kitu. Mimi ndiye niliyemfukuza Kimutai.

"Basi niambie," akasema. "Mama mdogo amenieleza tangu nikiwa mtoto, lakini wewe umemwona juzi. Uso wake ulikuwaje? Tunafanana?"

Wueh. Niliangalia chini. Sweta nilikumbuka, kitambaa nilikumbuka. Uso sikuwa nao. Mama wa watu alisimama pale akinibembeleza, na mimi macho yangu yalikuwa kwa namba.

Siku hizi naelewa. Namba ikipanda, tundu linafinyika, na kwa vile mwanga unapungua, kamera lazima itulie. Nimerudi Ainabkoi na Jeruto jioni nyingi, nimeweka namba nane, nimeegemeza kamera juu ya kigingi isitikisike. Picha zinatoka safi, ua unauona jani kwa jani, na hakuna mtu. Jeruto huangalia kioo, huniambia, "Haya basi," tunaondoka. Ameshaolewa, lakini bado ananipigia simu kuuliza kama nina nafasi. Sijawahi kumwambia sina.

Kwa hivyo wewe, usijifanye unajua kitu hujui, hata kama anayekuangalia ni mtu umetoka kumfokea. Aibu ya kuuliza inaisha kabla chai haijapoa. Na mtu akikuomba uso wake utokee vizuri, teremsha kamera kwanza umwangalie. Picha ikiharibika, utakuwa angalau na la kumwambia mtoto wake.