Tarumbeta la Gashe Demissew Ndani ya Tramu

Addis yote hii, na nasema mimi ambaye masikio yangu hayajawahi kukosea, hapakuwa na mtu wa kutangaza msiba kama Gashe Demissew; gashe kwetu ni mzee wa heshima. Wa mitaa mingine walikuwa wanakohoa tu kwenye bati. Yeye akisimama alfajiri nyuma ya kanisa la Mikaeli, akapuliza mara tatu, akataja jina la marehemu, hata mlevi aliamka akatafuta viatu. Sheria ya chama chetu cha kuzikana ndiyo hiyo: tarumbeta likilia, nyumba zote mia na ishirini zinatoka, hema linasimama, jeneza linabebwa. Miaka thelathini na moja alilipuliza, na hakuna aliyezikwa na watu wachache.

Halafu wakaja watu wa tramu na rangi yao nyekundu, kila nyumba alama. Reli ilikuwa ipite barabara kubwa, lakini kule kuna hoteli ya mkubwa fulani. Basi reli ikakata kona, ikatufuata sisi.

Kwenye mkutano bwana wa manispaa akabandika ramani ukutani. "Nani hapa anapinga maendeleo?"

Watu wote wakawa wanakagua viatu vyao. Gashe Demissew peke yake akasimama. Nyumbani mkewe, Zerfeshiwal, alikuwa kitandani mwaka wa pili, na daktari alishaacha kumdanganya.

"Mwanangu, bomoa. Ila mtupe vyumba vya fidia mahali pamoja. Mimi nina mgonjwa. Atabebwa na nani?"

"Vyumba ni bahati nasibu, baba."

"Basi iambie bahati nasibu itutupe upande mmoja."

Watu wakacheka. Bwana naye akacheka. "Tramu itawaleta, baba! Unapanda, unashuka, umefika."

Tukatupwa pande zote za mji. Mwenyekiti wa chama, Ato Ayalneh, akaangukia mwisho kabisa wa reli. Gashe akapata ghorofa ya nne, na Zerfeshiwal akapandishwa ngazi kwa kiti.

"Siku ya kunishusha msinigongeshe ukutani," akawaambia waliombeba.

"Nyamaza wewe, utatuzika sisi," Gashe akamjibu.

Zerfeshiwal alikufa Jumanne alfajiri. Kwetu maiti haingoji kesho. Majirani wapya walifungua milango, wakasema pole, wakafunga. Simu ya Ayalneh haikupatikana. Gashe akampigia mwanachama mwingine.

"Pole sana, Gashe. Tarumbeta limelia?"

Akampigia wa tatu. Swali lile lile. Si ubaya wa mtu, ndivyo tulivyolelewa: msiba wa simu ni uvumi, huachi kazi kwa uvumi.

Basi akamwacha marehemu na shemeji yake, akachukua tarumbeta, akapanda tramu. Si ndiyo ya kuwaleta? Kila kituo, milango ikifunguka tu, anatoa kichwa, anapuliza mara tatu: "Zerfeshiwal mke wa Demissew! Saa tisa, Mikaeli!"

"We mzee, unatutoboa masikio!" abiria wakamfokea.

Kituo cha tano walinzi wakamshusha, moja kwa moja hadi kwa polisi.

"Umelewa?"

"Nimefiwa."

"Waliofiwa wanalia, mzee. Hawapigi muziki."

Walimwachia saa kumi. Alipofika kanisani, shemeji alishamleta marehemu na kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Watu tisa, na watatu wao wachimba kaburi. Padri akasema kulikuwa na maziko mengine yanasubiri, asingeweza kungoja.

Siku ya tatu Ato Ayalneh akaja, akakaa ukingoni mwa kitanda, kahawa ikapoa mkononi.

"Gashe, nilikuwa behewa la nyuma. Haki ya Mikaeli, nilisikia. Nikadhani ni washabiki wa mpira."

"Nilipuliza mara tatu, Ayalneh."

"Tatu, ndiyo, nilihesabu. Lakini ndani ya tramu, Gashe? Na jina sikulipata, mlango ulishafungwa."

 Dirishani reli ilikuwa inapiga kelele kwenye kona.

"Mimi nikifa," Ayalneh akasema, "njoo unizike."

"Nitajuaje?" Gashe Demissew akamuuliza.